Maputo yanayopanda kilomita 40 kutafuta eksirei za mashimo meusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha fizikia hapa Lubumbashi. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa darasani, nje ya kanisa, kwenye basi la Likasi, na kwa simu na watu wanaofanya kazi migodini. Nimeyaweka mahali pamoja kwa sababu ninaamini somo hili lina haki ya kuelezwa kwa Kiswahili, moja kwa moja, bila mtu kulazimika kupita kwanza kwenye Kifaransa. Pale penye uzito nimejibu kwa kirefu.

Shimo jeusi halitoi mwanga. Sasa hizo eksirei zinatoka wapi?

Zinatoka nje ya shimo. Ni kweli kwamba mwanga ukishavuka mpaka wa shimo jeusi haurudi tena. Lakini mashimo mengi tunayoyachunguza yana mwenzi, nyota ya kawaida ambayo yanazungukana nayo. Gesi ya nyota hiyo huvutwa kuelekea shimo. Haidumbukii papo hapo. Huzunguka kwanza na kutanda kama sahani. Gesi ya ndani huzunguka kwa kasi kuliko ya nje, tabaka zinasuguana, joto linafika mamilioni ya nyuzi. Kitu chenye joto la namna hiyo hutoa eksirei.

Nguvu inayopatikana hapo ni kubwa kupita ile ya Jua. Jua linapounganisha hidrojeni, asilimia 0.7 tu ya maada hiyo hugeuka kuwa nishati. Gesi inayoanguka kwenye shimo jeusi inaweza kufikia asilimia 10, na hata kupita hapo shimo likiwa linazunguka upesi. Ndiyo maana kitu cheusi kabisa kinaweza kuwa na ukingo unaong'aa kuliko maelfu ya Jua.

Na nyota ya nyutroni ni nini?

Ni kiini kinachobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Uzito wake unalipita Jua, lakini kipenyo chake ni kilomita 20 hadi 25 tu. Ingetosha ndani ya mipaka ya jiji la Lubumbashi. Tofauti na shimo jeusi, nyota hii ina uso, na mara nyingi ina sumaku yenye nguvu za kutisha. Sumaku hiyo huikamata gesi inayoanguka na kuielekeza kwenye ncha mbili za nyota, ambako inagonga uso kwa kasi inayokaribia nusu ya kasi ya mwanga. Nyota inapozunguka, ncha hizo zinatugeukia na kutupa kisogo, nasi tunaona eksirei zikija kwa mapigo.

Ni eksirei zilezile za hospitali?

Ndizo, za jina na za tabia. Hata nje ya hospitali wengi wenu mmezitumia. Ile mashine ya mkononi ambayo wachimbaji na wanunuzi wa Kolwezi na Likasi huita Metorex, inayosoma kiwango cha shaba na kobalti kwenye depo, inafanya kazi kwa eksirei. Inalipiga jiwe, atomi za jiwe zinajibu kwa eksirei zao wenyewe, na kila elementi ina nishati yake: kobalti karibu kiloelektrovolti 7 (hicho ni kipimo cha nishati), shaba karibu 8. Mashine inapima nishati ya kila chembe ya mwanga, yaani fotoni, kisha inatoa hesabu.

Darubini ya eksirei inafanya kazi hiyohiyo ya kuzipokea fotoni moja moja na kupima nishati ya kila moja. Ila darubini za maputo hulenga nishati za juu zaidi, kwa mfano kiloelektrovolti 15 hadi 80, na badala ya kusoma jiwe lililo mkononi zinasoma gesi iliyo umbali wa maelfu ya miaka ya nuru.

Kwa nini tusiziangalie kutoka hapa chini?

Kwa sababu ya hewa. Hewa yote iliyo juu yetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, na hakuna eksirei ya angani inayopenya ukuta huo. Tushukuru, maana bila ukuta huo tusingekuwepo. Lakini huohuo ndio unaotuziba macho.

Kupanda mlima hakusaidii. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Margherita kule Ruwenzori ni mita 5,109, na pote eksirei za nyota ni sifuri. Ndege ya abiria, kwenye kilomita 11, bado ina zaidi ya sehemu moja ya tano ya hewa yote, yaani uzito wa tani mbili na zaidi kwa kila mita ya mraba, juu ya paa lake. Lakini ukifika kilomita 40, hewa iliyobaki juu yako haifiki hata nusu ya asilimia moja. Ni kama sentimita 3 hivi za maji. Eksirei zenye nishati ndogo bado zinakwama hapo, hasa zilizo chini ya kiloelektrovolti 10. Zile kali, kuanzia 15 au 20 kwenda juu, zinapita. Basi mgawanyo wa kazi umejipanga wenyewe: eksirei laini ni za setilaiti, na zile kali zinaweza kufikiwa kwa puto.

Wazo la kutumia puto lilianzia wapi?

Mwezi Agosti 1912, Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto la hidrojeni hadi mita 5,300 hivi, akiwa na vipimo vyake, na akakuta mnururisho unaongezeka kadiri anavyopanda. Hivyo akagundua miale inayotoka angani, na mwaka 1936 akapewa Nobel.

Eksirei za nyota zilisubiri roketi. Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, Marekani. Katika dakika chache ilizokuwa juu ya angahewa, walikuta chanzo kikali upande wa kundi la Nge. Kikaitwa Scorpius X-1, na leo tunajua kuwa ni nyota ya nyutroni inayokula mwenzake. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002. Miaka miwili tu baada ya roketi ile, mwaka 1964, George Clark wa chuo cha MIT, Marekani, alituma puto kutoka Palestine, mji ulioko Texas, na kupima eksirei kali za Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka. Roketi ilikuwa na dakika; puto lilikuwa na saa nyingi.

Kisha ikaja setilaiti ya kwanza ya eksirei, na hapa ninaomba wasomaji wa Kiswahili watulie kidogo. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nchini Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi). Siku hiyo Wakenya walikuwa wanasherehekea uhuru wao, nayo ikapewa jina Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na vipimo vyake ndivyo vilivyowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Kwa hiyo mtu akikwambia elimu hii haijawahi kugusa ardhi yetu wala lugha yetu, mpe tarehe hiyo.

Puto lenyewe likoje?

Ni plastiki ya polithini yenye unene wa mikromita 20 hivi, nyembamba kuliko unywele. Yale makubwa ya NASA yakijaa huwa na ujazo wa zaidi ya mita za ujazo milioni moja na upana wa zaidi ya mita 100, na yanaweza kubeba tani tatu na zaidi. Gesi yake ni heliamu, ambayo haiwaki. (Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba heliamu imegunduliwa chini ya ardhi huko Rukwa, Tanzania, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, si mbali na sisi.)

Wakati wa kuondoka puto linaonekana limesinyaa, kuna gesi kidogo tu kileleni. Si kasoro. Kadiri linavyopanda hewa ya nje inapungua, gesi inatanuka, na huko juu linajaa na kuwa duara. Safari ya kupanda huchukua saa mbili au tatu.

Darubini inalengaje nyota huku ikining'inia kwenye kamba?

Kwangu hapa ndipo ufundi unapopendeza kuliko pengine pote. Puto halina usukani, linakwenda na upepo. Chini yake kuna fremu ya chuma inayobeba darubini, na fremu hiyo inayumba na kujizungusha. Kamera inatambua nyota, kompyuta inahesabu darubini imepotoka kiasi gani, na mota zinairudisha, bila kupumzika. XL-Calibur, chombo cha puto cha kupima eksirei ambacho darubini yake ina urefu wa mita 12, inalenga kwa usahihi wa sekunde chache za tao, na sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja.

Vioo vyake pia si vya kawaida. Eksirei ikigonga kioo uso kwa uso inapenya au kumezwa. Inabidi ipite ikikwaruza tu, kwa pembe ndogo sana. Kwa hiyo kioo cha XL-Calibur, kilichotengenezwa Japani, ni maganda zaidi ya 200 yaliyoingizana, kila moja likigeuza njia ya eksirei kidogo, hadi zikutane mita 12 nyuma.

Maputo yamegundua nini ambacho hakikujulikana?

Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni la mwaka 1976. Kundi la Joachim Trümper kutoka Ujerumani lilirusha puto kule Texas likaitazama Hercules X-1, nyota ya nyutroni inayojizungusha mara moja kila sekunde 1.24. Katika eksirei zake wakakuta alama kwenye nishati moja maalumu. Alama hiyo inatokana na elektroni zinazozunguka ndani ya sumaku, na nishati yake inategemea hasa nguvu ya sumaku hiyo. Kwa hiyo ukiisoma, umepima sumaku ya nyota. Jibu lilikuwa gausi trilioni kadhaa, wakati sumaku ya Dunia inayougeuza mshale wa dira ni karibu nusu gausi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza sumaku ya nyota ya nyutroni kupimwa moja kwa moja. Ilipimwa kwa puto.

La pili ni vioo. Hadi mwanzoni mwa karne hii hakukuwa na picha nzuri za eksirei kali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na vioo vya kuzikusanya. Puto la HERO lilipata picha kama hizo mwaka 2001. Puto la HEFT, lililoruka Mei 2005 kutoka Fort Sumner, New Mexico, lilijaribu vioo na vipokezi ambavyo baadaye viliboreshwa na kuwekwa kwenye setilaiti NuSTAR, iliyorushwa Juni 2012 chini ya uongozi wa Fiona Harrison. Kila habari ya NuSTAR unayoisoma leo ina mizizi kwenye plastiki ile ya mikromita 20.

La tatu ndilo linaloendelea sasa, nalo linahitaji maelezo. Mwanga ni mtetemo, na mtetemo una mwelekeo: wima, mlalo, au mshazari. Kwa kawaida fotoni zinakuja zikiwa na mielekeo iliyochanganyika. Zikija zimelala upande mmoja kuliko mwingine, maana yake kuna kitu kilichozipanga, ama sumaku, ama umbo la mahali zilipogongwa mara ya mwisho. Mashimo meusi ya aina hii yako mbali mno, hakuna darubini inayoweza kupiga picha ya sahani yake ya gesi. Lakini mwelekeo wa mtetemo unaweza kutuambia umbo lake hata kama linaonekana kama nukta.

Ndani ya XL-Calibur kuna kijiti cha berili, metali nyepesi. Fotoni ikikigonga inaruka pembeni, hasa upande unaokatana na mtetemo wake kwa pembe ya mraba, na vipokezi vilivyokizunguka vinaandika imeangukia wapi. Ukikusanya fotoni nyingi, mwelekeo unajitokeza.

Swali lililokuwa mezani ni hili. Karibu na shimo jeusi la Cygnus X-1 kuna wingu la elektroni lenye joto la nyuzi bilioni moja hivi, linaloitwa korona, ambalo huzipa eksirei nishati kubwa. Korona hiyo imekaa wapi? Wengine walisema ni kidonge kidogo kilicho juu ya shimo, wengine wakasema imetandazwa pamoja na sahani. Puto la Kiswidi PoGO+, lililoruka Julai 2016 kutoka Esrange hadi Kanada, lilikuta mtetemo umepangwa kidogo mno, jambo linalokataa kidonge kilichoshikamana na shimo. Setilaiti IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ikapima eksirei laini na kupata asilimia 4 hivi, mwelekeo ukiwa sawa na ule wa mikondo ya maada inayorushwa na shimo hilo. Maana yake korona imetanda kwa upana. Julai 2024 XL-Calibur ilitazama Cygnus X-1 na Kaa kwa nishati ambazo IXPE haizifikii, na ilichopata kinakubaliana na sura hiyo.

Setilaiti zipo. Kwa nini kuhangaika na maputo?

Gharama ni sababu moja, maana puto ni rahisi mara nyingi kuliko setilaiti. Lakini mimi naona sababu kubwa ni kwamba puto linarudi. Chombo kinashuka kwa parachuti, wahandisi wanakifungua, wanarekebisha, wanakirusha tena. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kukishika chombo kwa mikono yake, kukirusha na kuchambua data kabla hajamaliza masomo. Watu wengi wanaoongoza setilaiti leo walijifunzia huko.

Hasara pia zipo. X-Calibur, mtangulizi wa XL-Calibur, iliruka Desemba 2018 kutoka McMurdo, Antaktika, ikiilenga nyota ya nyutroni GX 301-2. Puto lilivuja, safari ikakatizwa mapema, na vipimo vikawa vichache kuliko ilivyokusudiwa.

Mbona yanarushwa Uswidi na Antaktika, kwenye baridi hivyo?

Kwa sababu ya Jua. Puto la kawaida liko wazi upande wa chini. Usiku gesi inapoa, inasinyaa, puto linashuka. Ili lisishuke linamwaga uzito, na uzito ukiisha safari imeisha. Karibu na ncha za Dunia, majira ya joto hayana usiku. Tena upepo wa juu wa majira hayo unatabirika: kutoka Uswidi unalipeleka puto magharibi hadi Kanada kwa siku tano hadi saba, juu ya maeneo yenye watu wachache.

Je, linaweza kurushwa kutoka Katanga?

Roketi zilishawahi kurushwa. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya OTRAG kutoka Ujerumani Magharibi ilijaribu roketi zake kaskazini mwa Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati huo, kabla siasa za kimataifa hazijaifungia mlango.

Kwa puto, fizikia inatupa faida moja halisi. Miale ya angani ndiyo kelele kubwa inayosumbua vipokezi vya eksirei, na karibu na ikweta ya sumaku, sumaku ya Dunia huirudisha nyuma mingi. Wahindi wamelitumia jambo hilo kwa miongo mingi kwenye kituo chao cha maputo cha Hyderabad. Kikwazo chetu ni usiku, ambao hatuwezi kuuondoa, halafu vibali vya anga vya nchi jirani, usafirishaji wa heliamu, na wapi chombo kitaangukia. Hayo yote yanaweza kutatuliwa na watu wenye nia na pesa.

Shule au yuniversite inaweza kuanza na kidogo zaidi: puto la mpira kama lile la hali ya hewa, linalofika kilomita 30 hivi kabla ya kupasuka, likiwa limebeba kihesabu mnururisho na kifaa cha kuonyesha lilipo. Vipimo vitaongezeka hadi karibu kilomita 20 kisha vitapungua, na wanafunzi watakuwa wamerudia kazi ya Hess na kuipita. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha RVA, shirika linalosimamia viwanja vya ndege nchini, ni lazima, kwa usalama wa ndege za Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi.

Eksirei hizo au shimo jeusi vinaweza kutudhuru?

Hapana. Hewa inazimeza eksirei zote, na Cygnus X-1 iko umbali wa miaka ya nuru 7,000 na zaidi.

Tunaweza kuona nyota hizi kutoka Lubumbashi?

Mahali zilipo, ndiyo. Kiangazi chetu, Juni na Julai, anga ikiwa safi na usiku baridi, kundi la Nge linapita karibu utosini kwetu, na Scorpius X-1 pamoja nalo. Watu wa Ulaya wanaliona likiwa chini, karibu na upeo, ilhali sisi tunainua shingo tu. GX 301-2 iko ndani ya Msalaba wa Kusini. Cygnus X-1 itafute kaskazini jioni za Agosti na Septemba, na Kaa kaskazini mwezi wa kwanza, mawingu ya masika yakiruhusu. Kwa macho matupu hutaona chanzo chenyewe, lakini utajua unatazama wapi.

Mwanangu anataka kufanya kazi hii. Aanzie wapi?

Mama, baba, mwacheni achague hesabu na fizikia, na asiogope hesabu. Baada ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kuna fizikia kwenye Yuniversite ya Lubumbashi. Ajifunze kuandika programu mapema, hasa Python, na Kiingereza cha kusomea. Karibu nasi kuna kazi kubwa inayohusiana na hii: darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, zilizopewa jina la Victor Hess, zinatazama miale ya gama, na MeerKAT ya Afrika Kusini inafuatilia mawimbi ya redio ya mashimo meusi yaleyale.

Asingoje diploma. Data za Uhuru, NuSTAR na IXPE ziko wazi kwenye hifadhi ya NASA iitwayo HEASARC, bure, pamoja na programu za kuzichambua. Mafaili ni mazito, kwa hiyo ayashushe usiku mtandao ukiwa na nafuu na kuranti ipo. Zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu ni data za NuSTAR za Hercules X-1: panga nyakati za kufika kwa fotoni, kisha tafuta mpigo wa sekunde 1.24. Akiupata, aniletee grafu tuijadili.